Gia Nne za Kurudi Nyuma

Mjomba wangu anaitwa Kinyume, na usimwonee huruma, maana jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Ukifika mtaani kwetu ukamwulizia kwa jina la kwenye vyeti, watu watakutazama kama mtu aliyekosea mji. Mwulizie Kinyume, na hata muuza maji atasimamisha mkokoteni akuelekeze: pita kiwanda cha mbao, fuata ukuta, utasikia mtu anaimba vibaya chini ya gari. Huyo ndiye.

Magari anayotengeneza ni ya injini nyuma, yale ya zamani ambayo ukifungua mbele unakuta pa kuwekea mizigo, injini yenyewe imejificha kule kwenye makalio. Magari mengine anakuonesha gereji ya jirani. Ameyapenda haya tangu ujana wake na hajui kueleza sababu, kama vile mtu asivyoweza kueleza kwa nini anampenda mtoto wake mtundu zaidi.

Ninayotaka kuyasimulia yalitokea kabla sijazaliwa. Nimeyapata kwa mama, ambaye ni dada yake mkubwa, na kwa mkaza mjomba, ambaye katika kila masimulizi ya nyumbani kazi yake ni kusahihisha. Mjomba mwenyewe ukimwuliza hucheka tu, anajifutia mikono kwenye suruali na kusema, "Waulize wenye midomo."

Siku hizo alikuwa kijana mwembamba, anaishi chumba cha uani nyumbani kwa mama, na ameajiriwa katika gereji ya fundi mmoja mnene aliyejulikana kwa kukemea. Mama alikuwa anaoka keki za kuagizwa. Nyumba nzima ilinuka vanila na grisi, na mama anasema kuna wateja waliorudisha keki wakidai wameonja spana.

Magari ya injini nyuma yalikuwa bado mengi barabarani, lakini viwanda vilivyokuwa vikiyaunda vilishaacha. Mwanzoni viliadimika vitu vidogo vidogo, vioo vya taa, vitasa, raba za madirisha, ambavyo fundi mwenye akili anaweza kuviunga. Kisha zikaadimika giaboksi. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu katika magari hayo giaboksi na difu, inayogawia magurudumu nguvu, vimo ndani ya kasha moja lililokaa katikati ya magurudumu ya nyuma, na injini inaning'inia nyuma yake. Huwezi kuchukua giaboksi ya gari lolote ukaipachika pale. Basi mafundi wakawa wanahamisha meno ya giaboksi moja mbovu kuyatia katika nyingine mbovu. Mama anasema ilikuwa kama vibogoyo wawili kuazimana meno ya bandia. Gari linatoka gerejini linalia, linarudi wiki ijayo limenyamaza kabisa.

Ndipo likaja kombi la mkunga.

Lilikuja limefungwa kamba, likivutwa na trekta, na mkunga mwenyewe ameketi nyuma ya usukani kama yuko safarini kwa heshima zake zote. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti iliyoweza kuvuka bonde bila simu. Alikuwa anahudumia vijiji vya milimani, kule ambako barabara ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Kombi lile kuukuu ndilo lililoweza kupanda. Uzito wa injini ulikandamiza magurudumu ya nyuma, yale yale yanayosukuma, kwa hiyo lilishika udongo pale ambapo magari ya maana yalizungusha matairi na kukaa. Wanawake wengi walikuwa wameteremshwa nalo kwenda hospitali, na si wachache waliojifungulia humo humo.

"Fundi," mkunga alimwambia yule bwana mnene, "nimekuletea mgonjwa."

Fundi alifungua, akachungulia, akaingiza kidole kwenye mafuta ya giaboksi. Kidole kilitoka kimejaa unga wa chuma unaometameta.

"Mama, huyu si mgonjwa. Huyu ni marehemu. Krauni, lile gurudumu kubwa la meno la difu, imevunjika meno. Giaboksi yake haipatikani tena, hata ukienda kuwauliza walioiunda. Uza chuma chakavu, mpate la kisasa."

"La kisasa walituletea. Liko mtaroni mpaka leo, kuku wanatagia ndani."

"Basi sina dawa."

Mkunga alimgeuzia mgongo. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa kombi, akavua viatu, akawa anatazama miguu yake. Watu walizoea kumwona akikemea, si akiwa kimya. Mjomba alikuwa chini ya gari lingine, akaona ile miguu imevimba, na viatu vimepangwa pembeni kama vya mtu aliyefika kwake. Hapo akatoka chini ya gari na kusema maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Mama, niachie mimi. Nitaitafutia giaboksi nyingine."

"Si hazipo?" fundi mnene akamkatiza.

"Za kombi hazipo. Mimi nitatafuta ya gari lingine."

Fundi alicheka, kisha akaona kijana hacheki. Akamwambia akitaka kufanya mchezo afanye uani, nje ya saa za kazi, na mtu asije kulalamika kwake.

Mjomba alianza na karatasi ngumu ya kasha la biskuti. Aliinua injini, akaweka karatasi pale injini inapokutana na giaboksi, akagonga kwa upande wa mviringo wa nyundo mpaka alama za matundu ya bolti zote zikatokea. Akalikata duara. Kuanzia siku hiyo alitembea na lile duara kwapani kila alikokwenda. Kila jioni baada ya kazi alikwenda kwenye yadi ya chuma chakavu, akalala chini ya magari yaliyokufa, akalinganisha. Mwenye yadi, mzee mmoja aliyeota kutu hadi kwenye kope, alimwuliza kama anapimia kofia.

Alijua anachotafuta, angalau kwa nusu. Yako magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo nayo giaboksi na difu vimo kasha moja. Alijiambia, kama kasha moja linavuta mbele, kwa nini lisisukume nyuma? Nyingi alizoziona zilikuwa zimelazwa kwa upande, hazifai kabisa. Nyingine zilikuwa nyembamba mno kwa kazi ya mlimani. Nyingine zilifaa ila zimepasuka. Mama anasema alipungua mpaka suruali ikawa inamfuata nyuma.

Siku aliyoipata alirudi nyumbani anapiga mluzi. Ilikuwa giaboksi ya gari la familia, pana na refu, lililogongwa kwa nyuma na lori, mbele yake nzima kabisa. Kasha lilikaa kwa urefu, meno yalikuwa manene, na ndani mafuta yake yalikuwa safi kama asali. Matundu ya bolti hayakulingana na duara lake hata moja, lakini hilo halikumsumbua. Kati ya injini na giaboksi angeweka bamba la chuma lenye matundu ya pande zote mbili, ya injini huku, ya giaboksi kule. Alichohitaji ni mtu wa kulichonga bamba hilo sawasawa, kwa sababu likipinda kiasi cha unywele tu, klachi itakula kila kitu.

Akaambiwa aende kwa mkereza, mchonga vyuma kwa mashine, wa mtaa wa pili.

Mkereza alikuwa msichana wa rika lake, amefunga kitambaa kichwani na kuvaa miwani mikubwa ya kazi iliyomfanya afanane na panzi. Karakana ilikuwa ya baba yake, lakini baba macho yalikuwa yamepungua na mashine ilikuwa yake sasa. Mjomba alimpa duara la karatasi. Msichana aligeuza, akageuza tena, akavua miwani.

"Kaka, nani kakupimia hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa kutumia nini, kamba ya kuanikia nguo?"

"Ni nyundo."

"Inaonekana. Nenda kalete injini."

"Injini nzima?"

"Lete na giaboksi. Mimi sichongi karatasi."

Akazileta, moja moja, kwa mkokoteni aliouazima kwa muuza maji. Msichana alipima kila tundu kwa kipimo chake cha chuma, akapima tena, na mjomba akasimama pale akijifanya anatazama mashine. Mkaza mjomba, ambaye ndiye huyo huyo msichana, husahihisha hapa. Anasema mjomba hakutazama mashine hata kidogo.

Bamba lilitoka zuri, linang'aa. Mjomba alilifunga, akaunga klachi, akarekebisha viti vya giaboksi, akachomelea rodi ndefu ya kubadilishia gia inayopita chini ya sakafu mpaka kwa dereva. Uvumi ulishaenea. Siku ya kujaribu, uani pa gereji palijaa watu: wachana mbao, wachuuzi, fundi mnene na mafundi wake, mkunga na mfuko wake wa kazi, na mkereza aliyesema amepita tu. Kila mtu alitaka kuona gari lenye moyo wa gari lingine.

Mjomba aliwasha. Injini ikanguruma vizuri. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, ikaingia laini kama kisu katika siagi. Akawapungia watu mkono, mbele yake geti limefunguliwa wazi. Akaachia klachi.

Kombi likaruka kinyumenyume, likavuka uani, likapiga rundo la mbao za kiwandani, mbao zikamiminika juu ya paa kama mvua ya mawe.

Watu walidhani amekosea gia. Hata yeye alidhani hivyo. Akatoa, akaingiza tena kwa uangalifu, na kombi likajibana zaidi ndani ya mbao. Akajaribu gia ya pili, likasukuma mbao kwa kasi zaidi. Mwishowe, jasho linamtoka, akaingiza gia ya kurudi nyuma, na kombi likatembea mbele, taratibu, kwa adabu, likiburuta ubao mmoja.

Gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Fundi mnene alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, akapewa maji. Mchana mbao mmoja akapiga kelele, "Jamani, huyu ni fundi Kinyume!" na jina likatoka getini mbele ya mwenye jina.

Mkunga peke yake hakucheka. Alifika dirishani akasema, "Mwanangu, hata hivyo linatembea. Jana lilikuwa halitembei."

Mjomba alikwenda nyumbani akajifungia. Alikuwa ameshaelewa alipokosea, na ndiyo maana aliumia. Katika gari lile la familia injini ilikuwa mbele ya magurudumu na giaboksi nyuma yake. Katika kombi ni kinyume. Alikuwa ameligeuza kasha zima lielekee upande mwingine, na nguvu zote zilizokuwa zikizungusha magurudumu mbele sasa zinayazungusha nyuma. Angeweza kulijua hilo kwa kutafakari kidogo tu. Alilala na nguo za kazi juu ya shuka safi, na mama, aliyekuja kumgombeza kwa shuka, alipomwona uso akaghairi.

"Mdogo wangu, njoo jikoni unisaidie. Nina keki ya watu, na mkono umechoka."

"Dada, niache."

"Nikikuacha utalala. Ukilala utaamka na huzuni ile ile, na mimi sitakuwa na keki."

Akaenda. Mama alimpa kile kichapio cha mayai cha mkono, chenye mpini wa kuzungusha, na bakuli la mayai. Mjomba akakaa kwenye kigoda akaanza kuzungusha bila kuangalia. Mama alikuwa anapima unga. Akasikia kichapio kimesimama. Akageuka, akamwona amekiinua juu ya bakuli, mayai yanamchuruzika kwenye kiwiko, anazungusha mpini polepole na kutumbua macho.

"Dada. Hebu tazama."

"Natazama mayai yangu yanavyomwagika."

"Gurudumu la meno ni moja. Mpini ni mmoja. Lakini waya huu unazunguka hivi, na huu unazunguka kule."

"Ndivyo kilivyo tangu nilipokinunua."

"Kwa sababu mmoja umekaa upande huu wa gurudumu, na mwingine upande ule!" Akasimama. "Nikiihamisha krauni, nikaitoa upande huu wa pinioni, kile kigurudumu kidogo kinachoizungusha, nikaiweka upande wa pili, magurudumu yatazunguka kinyume! Gia nne zitakwenda mbele!"

Mama hakuelewa hata neno moja, isipokuwa kwamba mdogo wake amepona na kwamba kichapio kimetoka nje ya mlango bila ruhusa. Mjomba alikwenda nacho moja kwa moja mpaka kwa mkereza, kikiwa bado na mayai. Mkereza akazungusha mpini, akatazama, akazungusha tena.

"Lete giaboksi," akasema.

Kazi hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Krauni ilikataa kukaa upande wa pili. Kasha lilikuwa na tumbo la chuma pale, ikabidi walikwangue kidogo kidogo bila kulitoboa. Beringi za pande mbili hazikuwa sawa, mkereza akachonga ringi za kuzisogeza. Halafu ikaja kazi ya kuyapatanisha meno, kwa kuwa krauni na pinioni zikibanana mno zinaungua, na zikiachana mno zinavunjana. Mjomba alipaka meno rangi ya buluu, akazungusha kwa mkono, akafungua kutazama rangi imefutika wapi, akaongeza ringi nyembamba, akafunga, akazungusha, akafungua. Mkereza anasema hajawahi kumwona mtu anayeweza kurudia jambo lile lile bila kukasirika namna ile. Anasema alianza kumwangalia kwa jicho jingine hapo, ila anaomba hilo lisisimuliwe, na ndiyo maana nalisimulia.

Safari hii hawakualika mtu. Kombi lilitoka uani likienda mbele, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, likageuka kwenye kona ya kiwanda, na wachana mbao wakaacha misumeno wakapiga makofi. Kulibaki kasoro moja. Kwa kuwa kasha lilikuwa limegeuzwa, mkono wa gia nao ulikuwa umegeuka: kusukuma kumekuwa kuvuta, na kulia kumekuwa kushoto. Mjomba alimwomba mkunga radhi, akamwambia ampe muda atengeneze kifaa cha kuurudisha sawa.

"Acha," mkunga akasema, ameshakaa kwenye usukani. "Mimi nimezoea watoto wanaotanguliza miguu. Huu ni mkono wa gia tu."

Lakini alimtaka mjomba aende naye safari ya kwanza, giaboksi ikilalamika awepo wa kuisikiliza. Basi mjomba akapanda nyuma, akakaa juu ya kifuniko cha injini, sikio moja ameliegemeza kwenye kipande cha mti kilichogusa sakafu juu ya giaboksi. Mvua ilianza walipofika chini ya mlima. Mkunga hakupunguza mwendo. Udongo ukaanza kulamba matairi, kombi likayumba, likashika, likayumba, likashika. Mjomba alisikia krauni ikivuma chini yake, sauti moja nzito isiyokatika, na anasema, hili ndilo jambo pekee analosimulia mwenyewe, kwamba alitamani mlima usiishe.

Juu walimkuta mwanamke aliyekuwa katika uchungu tangu asubuhi na mtoto amekaa vibaya. Mkunga alimpima, akasema anateremka naye sasa hivi. Wakamlaza nyuma, mama mkwe wake akashika kichwa, na mahali palipobaki pa kushika palikuwa mkono wa mjomba. Mwanamke akaushika. Kila uchungu ulipokuja aliukamua kama nguo, na mjomba, aliyepaswa kuwa na sikio kwenye kipande cha mti, akajikuta anamwambia, "Dada, kaza. Dada, tunakaribia. Dada, hii ni kona ya mwisho," na ilikuwa kona ya mwanzo. Aliwahi kupiga kelele kumwambia mkunga apunguze mwendo. Mkunga akajibu bila kugeuka kwamba mwenye kujua kuzaa aje aendeshe.

Walifika hospitali. Machela ikaja, mlango ukafungwa, mjomba akabaki kwenye benchi la nje, mkono umevimba na una alama za kucha. Akakaa pale mpaka mkunga akatoka, anatabasamu kwa uchovu. Mama mzima, mtoto wa kiume mzima, anapiga kelele kama anadai haki.

"Na giaboksi?" mkunga akauliza. "Ulisikia nini wakati wa kuteremka?"

"Giaboksi gani?" mjomba akauliza.

Mkunga akacheka mpaka muuguzi akatoka kumnyamazisha.

Kombi lile lilifanya kazi miaka mingi na moyo wake wa kuazima. Mafundi wa miji mingine walianza kuja na maduara yao ya karatasi. Fundi mnene naye, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila mwenye haraka, alimpa mjomba kona ya uani na kumwambia wateja wa injini nyuma wote ni wake. Siku moja alimwita mbele ya watu, "Bwana Kinyume, njoo unieleze hapa," akamkabidhi tochi. Mjomba alimwambia mama hajawahi kupewa cheti kizuri kama hicho.

Kuhusu mkereza, mambo yalikwenda polepole kuliko giaboksi yoyote. Mjomba alikuwa akienda kuagiza ringi. Aliagiza ringi nene, ringi nyembamba, ringi za magari ambayo hayakuwepo mtaani. Mama alizikuta chini ya kitanda chake, mfuko mzima. Mwishowe mkereza akazima mashine na kuvua miwani.

"Kaka, kama una neno, liseme. Chuma chetu kinakwisha."

Mkaza mjomba anasema mjomba alijibu kwa kumwuliza kama anapenda keki. Mjomba anakana. Mama, aliyeoka keki yenyewe, anasema wote wawili ni waongo na kwamba walioana kwa sababu yeye alichoka kusafisha ringi.

Mjomba si malaika. Sebule yake ilijaa giaboksi mpaka wageni wakakaribishwa uani, na mkaza mjomba aliwahi kutundika shuka katikati ya chumba na kutangaza kuwa huku ni nyumba na kule ni gereji, atakayevuka mpaka na grisi atalala kwa jirani. Aliwahi kutoroka katikati ya sherehe ya mtu, amevaa suti, ili akalale chini ya gari lililogongwa, akarudi wakati wa picha. Zipo kazi zilizomshinda. Kuna mtu alimletea kigari kidogo akitaka kitiwe injini ya nguvu na giaboksi nyembamba, mjomba akamkataza, akaingiwa na huruma, akakubali, na giaboksi ikapasuka kabla haijamaliza mtaa. Hakutafuta wa kumlaumu. Alikisukuma kigari mpaka gerejini, akaifungua giaboksi mbele ya mwenyewe akamwonesha ilipopasukia, kisha akaanza upya na nyingine.

Na kila anachokijua anakitoa. Maduara yake ya karatasi, ambayo sasa ni ya bati, ametundika ukutani, kila moja limeandikwa kwa chaki ya mafuta: injini hii kwa giaboksi ile, bamba la unene huu, krauni igeuzwe au isigeuzwe. Fundi yeyote anaruhusiwa kuja kuchora lake. Nimewahi kumwuliza haogopi kunyang'anywa wateja? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mpwa wangu, magari yenyewe yamebaki machache. Wakinisaidia yasife, watakuwa wameninyang'anya nini?"

Wiki chache zilizopita nilimkuta anamalizia kigari cha mwalimu mstaafu na mkewe, ambacho wamekuwa nacho tangu wakiwa wachumba. Giaboksi yake ya zamani ilikuwa na gia nne fupi fupi, na injini ilipiga kelele barabara nzima. Mjomba alikuwa amehangaika miezi kutafuta nyingine, hadi akapata ya kigari cha mizigo, yenye gia tano. Mkaza mjomba alichonga bamba, ingawa sasa miwani yake ni ya kusomea pia. Tulikwenda kujaribu wote, mwalimu akiendesha, mkewe pembeni, mimi na mjomba tumejikunja nyuma.

Barabara ilipotulia, mjomba akamgusa mwalimu bega. "Sasa ingiza ya tano."

Mwalimu akasita, akaingiza. Injini ikashusha sauti, ikawa kama mtu aliyekuwa anagombana akakumbuka kuwa ana wageni. Upepo ukasikika dirishani. Kisha mke wa mwalimu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa ungepita kushoto."

Mwalimu akageuka kumtazama. "Umesema?"

"Nimesema ungepita kushoto. Nimekuwa nikikuambia hivyo miaka yote."

"Sikuwahi kusikia!"

"Najua hukusikia."

Wakaanza kubishana palepale, wanakatizana, wanacheka, na mwalimu akasahau kuangalia kasi. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja amekiweka juu ya kifuniko cha injini, amefumba macho, anasikiliza. Nilimwuliza kama kuna kasoro.

"Hapana," akasema. "Waache waendelee."